Kibali cha Kufungwa

Kuna nchi moja, na msisumbuke kuitafuta kwenye ramani, maana mwenye ufunguo wa chumba cha ramani alikwenda semina mwaka juzi na bado yuko huko huko. Nchi ipo. Ina bendera, ina wimbo wenye beti kumi na moja, na ina Wizara ya Furaha, Michezo na Utulivu. Msimulizi wa habari hizi hana lalamiko lolote juu ya wizara hiyo, na anaomba hilo liandikwe.

Basi katika nchi hiyo kuna mji uitwao Lukundo, na katika mji huo alikuwapo fundi baiskeli, jina lake Mzee Mfaume Lidenge. Mzee Mfaume alikuwa na mke mmoja, Bi Somoe, pampu mbili, na timu moja ya mpira, Chapakazi ya Lukundo, aliyoishabikia tangu ndevu zake zikiwa bado nyeusi. Maoni yake juu ya timu hiyo yalijulikana mji mzima, kwa sababu aliyatoa huku akijaza watu upepo. Kipa Mponda, alisema, ni hodari sana wa kudaka mpira ambao haujapigwa. Beki wa kushoto ana mbio za ajabu, ila huzikumbuka winga akishapita. Mshambuliaji wa kati ni kijana mwenye adabu mno, akifika golini hubisha hodi.

Hayo aliyasema yeye. Mtu mwingine akiyasema, hasa mtu wa nje ya Lukundo, Mzee Mfaume aliweka spana chini, akasimama, na mazungumzo yakageukia mvua.

Mtu wa nje aliyeruhusiwa alikuwa mmoja tu: mtani wake, Mzee Chande Nambunga, muuza chumvi wa Mbwemba, mji wa jirani. Mbwemba wana timu yao, Mkuki, na kwa miaka kumi na tisa mfululizo Mkuki walikuwa wameifunga Chapakazi kila walipokutana. Sasa, baina ya miji hiyo miwili kuna desturi. Timu ikifungwa, mashabiki wake wanaweka matanga. Wanatandika mkeka mahali pa wazi, wanavaa jezi nje ndani, wanakunywa kahawa chungu bila kashata, na watani wa upande ulioshinda wanakuja kuwapa pole. Kwa kuwa kila mwaka msiba ulikuwa wa Lukundo, mkeka ulikuwa wa Mzee Mfaume, na ulitandikwa mbele ya karakana yake. Asubuhi baada ya mechi Mzee Chande alifika kwa baiskeli, mfuko wa unga wa rambirambi nyuma, akavua kofia, akauliza kwa sauti ya kilio:

"Marehemu alikuwa anaumwa wapi?"

"Beki ya kushoto," alijibu Mzee Mfaume.

"Na hospitali mlimfikisha?"

"Tulimfikisha. Akafia mikononi mwa Mponda."

Hapo watu walicheka mpaka wengine wakalala mkekani. Mzee Chande akakaa, na hakuondoka mpaka jua lipungue. Walizungumza wajukuu, magoti, chumvi iliyolowa, na marafiki waliotangulia. Bi Somoe alijua jambo ambalo wanaume hao wawili hawakulisema kamwe: bila matanga wasingekuwa wanaonana, maana wote wawili walikuwa na kiburi cha kutokwenda kwa mtu bila sababu. Mzee Mfaume hakupenda timu yake ifungwe. Lakini siku iliyofuata aliipenda sana.

*

Ikawa Mheshimiwa Mkuu wa Nchi akaenda ziara ya mbali, na huko akaonyeshwa besiboli. Alikaa jukwaa la heshima kwa saa nne, na alipoulizwa kama ameufurahia mchezo akajibu ndiyo, kwa hiyo ukawa mchezo wa taifa. Kila mji ukaamriwa uunde timu ndani ya siku kumi na nne. Lukundo wakaunda Marungu. Wachezaji walichukuliwa idara ya misitu kwa barua, kwa kuwa ndio waliozoea kushika magogo.

Mzee Mfaume akaenda kuwashabikia. Timu ni ya nyumbani, angefanyaje? Alikaa tangu saa tatu asubuhi. Mmoja alirusha, mwingine akakosa, kisha wote wakasimama wakitazamana kama watu waliosahau walichotumwa dukani. Saa saba mchana akamuuliza jirani yake ni nani anayeongoza.

"Kwani wameanza?" akauliza jirani.

Maoni yake juu ya Marungu yakawa kwamba wanacheza vizuri, ingawa hakuwa na uhakika kama wanacheza. Mara kipaza sauti kikatangaza kwamba Lukundo wameshinda. Watu wakapiga makofi. Mashabiki wa timu ya wageni, ambao walikuwa wakisikiliza redio ya kwao ndani ya basi lao, wakatangaziwa kwamba wameshinda wao, nao wakapiga makofi. Kila mtu akarudi nyumbani roho imetulia.

Wataalamu wa wizara walikuwapo na madaftari. Waliandika kwamba baada ya besiboli hakuna raia aliyeonekana na huzuni, ilhali baada ya mpira wa miguu karibu nusu ya raia huondoka uwanjani wameinamisha vichwa. Taarifa ilipofika mezani kwa Waziri wa Furaha, Mheshimiwa Daktari Kanali Mstaafu Ladislaus Mng'ande, hakulala usingizi wake wa mchana. Alikwenda moja kwa moja redioni.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Tumebaini kwamba katika mpira wa miguu kuna upande unaofungwa. Najiuliza, na ninyi jiulizeni: upande huo umekosa nini? Je, wao si wananchi? Je, wao hawakuzaliwa na mama? Kuanzia leo, hakuna mwananchi atakayefungwa tena katika ardhi hii! Kila mji utashinda nyumbani kwake, na utashinda ugenini, na miji miwili ikikutana itashinda yote miwili!"

Makofi yalipigwa kwa dakika saba. Hiyo ndiyo ikaitwa Sera ya Ushindi kwa Wote. Magoli yaliendelea kuhesabiwa, kwa ajili ya takwimu, lakini matokeo yalitangazwa na Tume ya Matokeo, kila mji kwa redio yake.

*

Mechi ya kwanza chini ya sera hiyo, Mkuki waliwapiga Chapakazi nne bila. Kipaza sauti kikawapongeza wana Lukundo kwa ushindi mnono. Asubuhi yake Mzee Mfaume akatandika mkeka, akageuza jezi, akateleka kahawa.

Aliyekuja hakuwa Chande. Alikuwa Afisa Furaha wa Wilaya, Bwana Evaristi Mbunju, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Shikamoo, mzee. Kuna msiba?"

"Marahaba. Upo. Tumefungwa nne."

"Pole sa..." Bwana Mbunju akajikata. "Samahani, mzee. Siwezi kukupa pole. Mmeshinda."

"Nilikuwapo, mwanangu. Nimeyaona yote manne."

"Kuona ni jambo la mtu binafsi, mzee wangu. Sisi tunazungumzia matokeo."

Mzee Mfaume akamtazama. Akatazama na barabara ya Mbwemba. "Sawa. Lakini mtani wangu yuko njiani, anakuja kunipa pole."

"Amerudishwa pale darajani. Alikuwa na unga wa rambirambi, na hairuhusiwi kuingiza rambirambi katika mji ulioshinda."

"Alisema nini?"

Bwana Mbunju akafungua daftari. "Alisema uambiwe kwamba beki ya kushoto imezidiwa. Tumeiandika. Inachunguzwa."

Afisa yule alilelewa vizuri, haina ubishi. Aliukunja mkeka mwenyewe, pembe kwa pembe, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili. Kisha akaeleza kwamba Serikali haijakataza mtu kufungwa. Imeweka utaratibu tu. Mwenye haja ya kufungwa aombe kibali.

*

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na sita. Ilitaka kujua mwombaji anakusudia kusikitika kwa sababu gani, mbele ya nani, na kama huzuni yake ina uhusiano wowote na nchi ya nje. Ilitaka jina la ndugu wa karibu atakayeendelea kusikitika endapo mwombaji atafurahi kabla ya wakati. Ilitaka barua ya mjumbe, cheti cha daktari kuthibitisha kwamba moyo wa mwombaji unaweza kuhuzunika bila kuleta hasara, na barua ya klabu kukiri kwamba iliwahi kufungwa.

Daktari alimpima, akasema huzuni ipo, tena ya kutosha, ila mashine ya kuandikia vyeti imepelekwa makao makuu. Katibu wa klabu alitafuta kabatini akatoka mikono mitupu. Vitabu vya zamani vilikuwa vimechukuliwa na Tume vikarekebishwe, na kwa mujibu wa vitabu vipya Chapakazi hawajafungwa tangu waumbwe.

"Hata yale manane ya mwaka ule wa njaa?" akauliza Mzee Mfaume.

"Hata hayo," alisema katibu, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeibiwa.

Miezi ikapita. Chapakazi walifungwa mechi tisa, wakatoka sare mbili, wakatwaa ubingwa. Marungu nao wakatwaa ubingwa wao. Miji yote ishirini na sita ilitwaa ubingwa, na maandamano ya kupokea makombe yakagongana njia panda. Mzee Mfaume alipewa kibendera, akakipunga, maana Bwana Mbunju alikuwa nyuma yake akihesabu wanaopunga.

Kitu kimoja kikamshangaza. Watu waliacha kumuuliza maoni yake. Walileta baiskeli, wakajaziwa upepo, wakaondoka. Ungesema nini juu ya timu inayoshinda kila siku? Siku moja Kipa Mponda mwenyewe akaja karakana, akasimama mlangoni akishikashika pampu.

"Mzee, niseme hata kidogo. Tangu mwezi wa tatu hakuna aliyenisema."

"Juzi umefungwa sita, mwanangu," alisema Mzee Mfaume kwa upole. "Lile la tano, mama yangu marehemu angelidaka, tena ana mtoto mgongoni."

"Ahsante, mzee," alisema Mponda, akafuta macho, akaenda zake mazoezini.

Mwaka ukazunguka. Habari za Mbwemba zilimfikia kwa vipande kupitia wateja: Chande miguu imevimba, Chande hapandi tena baiskeli, Chande anauliza kama kibali kimetoka. Bi Somoe alivumilia mpaka akachoka.

"Baba Asumini, si upande basi ukamwone?"

"Niende nikamwambie nini?"

"Umwambie umekuja kumwona."

"Mtani haendewi hivyo. Atadhani ninakufa."

"Au atadhani ni yeye," alisema Bi Somoe.

Mzee Mfaume aliinama kwenye gurudumu la mtu, akaziba tundu lililokwisha kuzibwa. Alikuwa na hamu na Chande. Alikuwa na hamu ya kuchekwa na mtu anayemjua, akae naye mkekani mpaka kahawa ipoe, basi. Jambo dogo kama hilo, na hakuwa na njia ya kulifikia.

*

Baada ya mwaka mmoja na mwezi mmoja kibali kikatoka. Bwana Mbunju alikileta na magari mawili na mpiga picha. Kilikuwa Kibali cha Kufungwa Namba Moja, cha kwanza katika historia ya nchi, na kilikuwa na masharti. Kilihusu mechi moja tu, Chapakazi na Mkuki, Jumamosi saa kumi alasiri, uwanja wa Lukundo. Matanga yangewekwa pale pale uwanjani filimbi ya mwisho ikilia, ili Waziri ahudhurie na kurudi mapema. Mtani mmoja kutoka nje angeruhusiwa, naye angeletwa kwa gari la Serikali. Jina lake lilikuwa limechapwa: Chande Nambunga. Kutokukitumia kibali kungehesabiwa ni kuidharau huruma ya Serikali.

Mzee Mfaume alilisoma lile jina mara tatu. Kwa furaha yake, usiku huo wote aliumalizia kuifua jezi.

"Na wakishinda?" aliuliza Bi Somoe asubuhi.

"Nani?"

"Chapakazi."

Mzee Mfaume alicheka mpaka akapaliwa. "Mama Asumini, mimi timu yangu naijua. Haijawahi kuniangusha."

*

Jumamosi ikafika. Jukwaa la heshima lilipambwa kwa kitambaa cheusi kilichokodiwa. Ng'ambo ya uwanja Mzee Mfaume alimwona Chande katikati ya maafisa wawili. Alikuwa amekonda, shati lilimpwaya. Chande akavua kofia akampungia, na Mzee Mfaume akampungia naye.

Dakika ya sita Mkuki wakafunga. Mzee Mfaume akashusha pumzi na kutabasamu. Mambo yanakwenda vizuri.

Dakika ya sitini mshambuliaji wa kati, yule mwenye adabu, alifika golini na sijui nini kilimpata, akapiga. Moja moja. Bwana Mbunju akaacha kuandika. Dakika ya themanini na nane mpira uligonga mwamba ukarudi uwanjani, mabeki wa Mkuki wote wamekwisha kuupita, na beki wa kushoto wa Chapakazi, aliyechelewa kupanda na wenzake kama ilivyokuwa kawaida yake, ndiyo kwanza anafika. Ulimkuta mguuni. Mbili moja.

Halafu refa akawapa Mkuki penalti. Mponda akaenda kulia, mpira ukaenda kulia, na wakakutana.

Miaka ishirini ilimtoka Mzee Mfaume mwilini. Alirusha kofia, akamkumbatia askari, akamkumbatia na mpiga picha, akapiga kelele maneno yasiyo na mpangilio, akalia na kucheka kwa pamoja. Filimbi ya mwisho ilimkuta amekaa begani kwa mtu asiyemjua. Katika nchi yote yenye Wizara ya Furaha hapakuwa na mwenye furaha kumzidi.

Mtu akamgusa mguu. "Mzee," alisema Bwana Mbunju. "Mkeka uko tayari."

"Mkeka wa nani?"

"Wako. Wa kibali."

Mzee Mfaume akashuka begani. "Tumeshinda, Evaristi! Mbili moja!"

"Najua, mzee," alinong'ona afisa, akatazama nyuma. "Na mimi nimeona. Lakini Mheshimiwa Waziri amekwisha kuketi."

"Basi matanga ni ya Mbwemba. Mleteni Chande akae mkekani, nimpe pole mimi. Si ndiyo desturi?"

"Mbwemba hawana kibali, mzee. Wakiomba leo, ni mwaka mmoja na mwezi."

*

Mkeka ulikuwa mpya, una nembo ya wizara katikati. Maafisa wawili walimsaidia kugeuza jezi, mmoja akishika mkono huu na mwingine ule. Kahawa chungu ililetwa kwenye sinia, ikaonjwa kwanza. Mashabiki wa Lukundo, ambao dakika tano zilizopita walikuwa wakiimba, waliketi nyuma yake kwa mistari iliyopangwa, wakatazama chini.

"Leo," alisema Waziri, "dunia itatuheshimu! Wale wanaosema kwamba nchi yetu haina uhuru, waje waone! Hapa kwetu mtu anafungwa! Anafungwa kwa amani, kwa utulivu, na kwa kufuata utaratibu!"

Kisha wakamleta Chande. Alitembea polepole, miguu imevimba, kofia mkononi, na kidevu kilikuwa kikimtetemeka, maana timu yake ilikuwa imefungwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya kumi na tisa na hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia pole. Alikuwa amepewa karatasi. Akaisogeza mbali na macho ili aisome.

"Kwa niaba ya wana Mbwemba," alisoma, "natoa pole kwa kufungwa kwenu."

Sasa, Mzee Mfaume alikuwa na maneno. Aliyaweka miaka yote hiyo bila kumwambia mtu, hata Bi Somoe, kwa ajili ya siku ambayo Chapakazi watashinda na yeye ndiye atakayevua kofia. Aliyajaribu peke yake karakana akiziba mipira ya baiskeli, akibadilisha neno hili, akipunguza lile, mpaka yakawa matamu kabisa. Yalimfika mdomoni. Chande alishusha karatasi, akamtazama, akangoja. Naye alikuwa na jibu tayari, lilionekana kwenye pembe za midomo yake.

Bwana Mbunju alishika kalamu. Waziri alitazama saa.

"Ahsante," alisema Mzee Mfaume. "Tumeshapoa."

Chande akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyefika dukani akakuta pamefungwa. Akainama ili akae, mkono mmoja kwenye goti, lakini dereva alikwisha kumshika kiwiko. Gari lilikuwa na safari nyingine.

"Kaa kidogo, mtani," alisema Mzee Mfaume.

"Hawa wana haraka," alisema Chande. "Goti lako je?"

"Lipo."

"Haya."

Mlango wa gari ukafungwa, na Mzee Mfaume akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya watu, mzee mzima na jezi nje ndani. Mpiga picha akasogea. Waziri, ambaye hakuwa mtu wa kuguswa ovyo, aliguswa. Alisema hajapata kuona huzuni safi kama ile, na akaagiza papo hapo kwamba kibali cha Mzee Mfaume kifanywe cha kudumu. Kila mwaka, siku ile ile, hata kama hakuna mechi. Ila nafasi ya mtani izunguke, kwa haki, ili na mikoa mingine ipate.

Bwana Mbunju akaandika haraka, akapiga mhuri juu ya goti lake, akamletea mzee karatasi na ile kalamu nzuri kuliko zote tatu.

"Saini hapa, mzee wangu. Na hapa."

Mzee Mfaume akasaini hapo, na hapo.